Kikosi cha Packers ni kipana. Je, kina kina?

Jioni ya Januari 12, 2025, mjini Philadelphia, Jordan Love alirusha mpira mara 33. Mara 20 ulifika kwa wenzake, mara tatu ulitua mikononi mwa wapinzani, na Green Bay Packers wakatolewa kwenye mtoano na Eagles kwa 22–10. Kabla mechi haijaanza, Christian Watson, mpokeaji wao mwenye mbio kuliko wote, alikuwa tayari nje: kano ya goti lake ilikatika wiki moja nyuma dhidi ya Chicago Bears, bila hata kuguswa na mtu. Mechi ikiendelea, Jayden Reed akatoka kwa maumivu ya bega. Romeo Doubs naye akatoka kwa mtikisiko wa ubongo, wa pili kumpata katika muda usiofika miezi miwili. Waliobaki kupambana na mabeki wa timu iliyotawazwa bingwa wiki nne baadaye walikuwa Dontayvion Wicks, Bo Melton na Malik Heath. Na hii ndiyo timu ambayo msimu mzima ilisifiwa kwa wingi wa wapokeaji wake.

Jumapili ya Septemba 7, 2025, saa tano na dakika 25 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Packers walifungua msimu nyumbani, Lambeau Field, dhidi ya Detroit Lions. Tathmini za kabla ya msimu zilikuwa zimekwishaandikwa, na nyingi zilikwenda kwa mtindo mmoja: majina ya wapokeaji yanapangwa kwenye mstari, yanahesabiwa, kisha timu inapewa alama. Kwa msomaji aliyezoea soka letu, mpokeaji wa futiboli ya Marekani ana undugu na winga. Anajipanga pembeni, anakimbia njia aliyochorewa, na mrushaji, yaani kwotabeki, anamtumia mpira akiwa mbioni. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi kumi, kwa hiyo mpira ukimponyoka mpokeaji, jaribio zima limekwenda na maji. Orodha ya timu ina wachezaji 53, na kati yao wapokeaji huwa watano au sita. Uwanjani kwa kawaida wanaingia watatu, na kocha anaweza kuwabadilisha kila mchezo unaposimama. Kurasa zetu za michezo zina neno zuri kwa timu yenye watu wengi wa kutegemewa: kikosi kipana. Neno hilo linaeleza upana tu. Kina ni jambo jingine, na hoja yangu ni kwamba kina cha wapokeaji hakionekani kwa kumtazama aliyekaa benchi. Kinaonekana kwa kuwatazama wale wanaoanza, siku mmoja wao anapoondoka na kila aliyebaki anasogea kiti kimoja mbele.

Packers wenyewe wana ushahidi bora wa jambo hili, tena wa msimu wa 2015. Mwaka 2014 walifunga pointi 486, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi. Jordy Nelson alidaka mipira 98 na kupata yadi 1,519. Nyuma yake alikuwapo Randall Cobb, aliyekuwa ametoka kuongezewa mkataba, na nyuma ya Cobb kijana Davante Adams, chaguo la raundi ya pili katika uteuzi wa wachezaji wapya. Ungewahesabu Agosti ya 2015, usingeona upungufu wowote. Agosti 23, katika mechi ya maandalizi mjini Pittsburgh, Nelson alidaka pasi fupi, akageuka, goti likakatika. Msimu ukawa umekwisha kwake kabla haujaanza. Timu ikamrudisha James Jones, aliyekuwa ameachwa na New York Giants, na Jones hakumwangusha mtu: alipata yadi 890. Pamoja na hayo, pointi za Packers zilishuka kutoka 486 hadi 368, huku mrushaji akiwa Aaron Rodgers yuleyule aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Kilichotokea hapo ndicho kinachopotea katika kuhesabu majina. Mtu aliyeletwa kujaza nafasi alicheza vizuri. Waliopwaya ni wale ambao nafasi zao zilidhaniwa ziko salama. Nelson alikuwa anabeba beki bora wa wapinzani kila wiki, na mara nyingi beki wa nyuma kabisa aliegemea upande wake kwa kuogopa mbio zake. Alipoondoka, beki yule bora hakuondoka naye. Alihamia kwa Cobb. Beki wa pili aliyekuwa akihangaishwa na Cobb akahamia kwa Adams. Yule wa nyuma akasogea mbele, maana hakuna tena wa kumtisha kwa mbali. Cobb akamaliza na yadi 829, Adams na 483 na tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) moja tu. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na kwa wapokeaji mji wenyewe ni kiti cha mbele. Mwaka uliofuata Nelson alirudi, akapata yadi 1,257, na Adams, akiwa amerudishwa kwenye kiti chake, akapata yadi 997 na tachidauni 12. Ni kweli kwamba Adams alisumbuliwa na kifundo cha mguu mwaka 2015, na ni kweli zaidi kwamba baadaye alikua hadi kuwa mpokeaji wa kwanza kwa haki yake mwenyewe. Hata hivyo kukua kulichukua muda, na timu iliyoharibikiwa Agosti haina muda wa kungojea mtu akue.

Alipoondoka Adams naye, Machi 2022, akiwa ametoka kudaka mipira 123, Packers walishika njia nyingine kabisa. Las Vegas Raiders walimlipia kwa chaguo la raundi ya kwanza na la raundi ya pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, na lile la pili meneja mkuu Brian Gutekunst akalitumia kama sehemu ya bei ya kupanda ngazi ili kumpata Watson, namba 34. Mwaka huohuo akamchukua Doubs raundi ya nne. Mwaka uliofuata wakaja Reed katika raundi ya pili na Wicks katika raundi ya tano. Hakununua jina kubwa sokoni, wala hakumtangaza yeyote kuwa mrithi wa Adams. Alijenga safu iliyo tambarare, ambamo mpokeaji wa kwanza na wa nne wanakaribiana mno kiasi kwamba kumtaja wa kwanza ni suala la ladha.

Mtetezi wa safu hiyo ana hoja nzito, na nitaitoa kwa ukamilifu wake kwa sababu inatokana na kanuni ileile niliyoieleza. Kama tatizo la 2015 lilikuwa kila mtu kusogea kiti kimoja mbele, basi timu isiyo na kiti cha mbele haina wa kusogezwa. Msimu wa 2023 ulimpa haki. Watson alikosa mechi nyingi kwa misuli ya paja, lakini Love, katika mwaka wake wa kwanza kama mrushaji anayeanza, alirusha tachidauni 32. Reed, mgeni katika ligi, aliongoza kwa yadi 793. Packers walisubiri hadi Desemba 31 kupata mpokeaji wa kufikisha yadi 100 katika mechi moja, na aliyefanya hivyo, dhidi ya Minnesota Vikings, alikuwa Melton, mtu aliyetoka kikosi cha mazoezi. Kisha wakaenda Dallas kwenye mtoano na kushinda 48–32, Doubs akipata yadi 151. Mpinzani anayejiandaa dhidi ya timu ya namna hiyo hajui amwekee nani ulinzi wa ziada. Ni safu inayostahimili majeraha, na ni ya bei nafuu pia, jambo ambalo katika ligi yenye ukomo wa mishahara si dogo.

Nakubali yote hayo, lakini kustahimili kuna gharama yake. Mpinzani asiyejua amwekee nani ulinzi wa ziada anaweza pia kuamua kwamba hahitaji kumwekea yeyote. Timu yenye mabeki hodari inamkabidhi kila mmoja mtu wake, inaweka ulinzi wa mtu kwa mtu, na wachezaji waliookolewa na hesabu hiyo inawatuma kumkimbiza mrushaji. Hapo safu tambarare inaulizwa swali moja: nani kati yenu atamwacha mtu wake? Msimu wa 2024 jibu lilikuwa la kusuasua. Reed aliongoza tena, kwa yadi 857; hakuna aliyefika 1,000. Packers walikuwa miongoni mwa timu zilizoangusha mipira mingi. Walishinda mechi 11 na kupoteza sita, na ukizitazama hizo sita unakuta mbili dhidi ya Lions, mbili dhidi ya Vikings na moja dhidi ya Eagles, timu tatu zilizoshinda mechi 14 au zaidi kila moja. Ya sita ni ile ya mwisho dhidi ya Bears, siku goti la Watson lilipokatika. Kwa maneno mengine, wapokeaji hawa walitosha dhidi ya karibu kila timu ya kawaida, na hawakutosha dhidi ya hata moja ya zile tatu.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu takwimu hiyo ina mtego. Vikings waliwafunga 31–29 na 27–25; Lions waliwafunga 34–31 katika mechi ya pili. Timu iliyofunga pointi 31 ikashindwa haiwezi kuwalaumu wapokeaji peke yao, na mtu anayesema Packers wangeenda Super Bowl, fainali ya ligi, kama wangekuwa na jina kubwa pembeni anauza mbuzi kwenye gunia. Ninachosema ni kidogo zaidi. Love mwenyewe alishuka kutoka tachidauni 32 hadi 25, ingawa majeraha yalimkosesha mechi mbili, na timu iliegemea zaidi miguu ya Josh Jacobs, aliyekimbia yadi 1,329. Jacobs huyohuyo, Februari 2025, alisema hadharani kwamba timu inahitaji mpokeaji wa kwanza aliyethibitika. Mchezaji kuzungumzia hivyo kazi ya wenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo si jambo la kila siku.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka Kansas City. Chiefs walimuuza Tyreek Hill mwaka 2022 na wakachukua ubingwa msimu huohuo. Msimu uliofuata walikuwa na wapokeaji walioangusha mipira hadi mashabiki wao wakachoka kupiga kelele, na Februari 2024 wakachukua ubingwa tena, wakiwafunga San Francisco 49ers 25–22. Kama bingwa anaweza kuishi hivyo, kwa nini tumsumbue Gutekunst? Jibu la haraka ni kwamba mrushaji wao, Patrick Mahomes, ni mmoja tu. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. La maana zaidi ni kwamba Chiefs walikuwa na kiti cha mbele na mwenye kukikalia. Hakuitwa mpokeaji wa pembeni tu. Travis Kelce ni taiti endi, mchezaji anayejipanga karibu na safu ya wazuiaji, lakini kwa miaka mingi ndiye aliyepangiwa watu wawili na wapinzani, na hata akiwa na miaka 34 alipata yadi 984 msimu ule. Anayetathmini kina kwa kusoma vyeo vya kwenye orodha atamkosa Kelce kabisa. Anayetathmini kwa kuuliza nani anabeba beki bora atamwona mara moja. Na kipimo hichohicho kinawasaidia Packers: Tucker Kraft, taiti endi wao, alipata yadi 707 na tachidauni saba mwaka 2024, nyingi zikiwa baada ya kudaka, akiwaburuza watu. Ukimweka Kraft kwenye hesabu, picha ya Green Bay inakuwa nzuri kuliko ile inayochorwa kwa kuhesabu wapokeaji pekee.

Ndipo tunapofika kwa Matthew Golden. Aprili 24, 2025, uteuzi wa wachezaji wapya ulifanyika Green Bay kwenyewe, na Packers wakatumia chaguo la 23 kumchukua mpokeaji huyu kutoka Chuo Kikuu cha Texas. Kelele za umati zilikuwa na sababu. Tangu Javon Walker mwaka 2002 timu hii haikuwahi kuchagua mpokeaji katika raundi ya kwanza. Ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilizaa matunda: Greg Jennings, Nelson, Cobb na Adams wote walichukuliwa raundi ya pili, na Donald Driver raundi ya saba. Kuvunja desturi ya miaka 23 ni kukiri jambo, hata kama meneja hasemi kwa mdomo. Golden alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.29 kwenye majaribio ya Indianapolis. Alimaliza msimu wake wa mwisho chuoni na yadi 987, na katika fainali ya kanda yao dhidi ya Georgia alipata yadi 162, dhidi ya mabeki ambao baadhi yao sasa wanalipwa kucheza. Raundi ya tatu timu ikamwongeza Savion Williams wa Chuo Kikuu cha TCU, pande la mtu linaloweza kukabidhiwa mpira na kukimbia nao kama mshambuliaji wa nyuma.

Waliompigia Golden hesabu za yadi, nadhani walipima kitu kisicho chake. Mgeni wa raundi ya kwanza anaweza kupata yadi 500 na akawa amefanya kazi kubwa, au akapata 900 na timu isibadilike. Thamani yake kwa mwaka 2025 ilikuwa katika yale aliyowazuilia wenzake. Akiwa na mbio zile kwenye upande mmoja, beki wa nyuma hakuweza kumpa kisogo. Doubs, ambaye ni fundi wa njia fupi na za kati lakini si mtu wa kumwacha beki bora kwa mbio, alibaki kwenye kiti kinachomfaa. Reed alibaki ndani, kwenye sloti, alikokabiliana na beki wa tatu badala ya wa kwanza. Wicks, mwenye miguu ya ufundi na mikono isiyotabirika, alibaki kuwa wa nne, na wa nne akiangusha mpira mmoja dunia haiishi. Kwa kumwongeza mtu mmoja mbele, kila aliye nyuma yake alikuwa bora bila kufanya lolote.

Tatizo ni kwamba msimu ulipoanza upande wa pili wa mbio hizo haukuwapo. Watson aliwekwa kwenye orodha ya wasioweza kucheza, na kwa kanuni za ligi angekosa mechi nne za kwanza kwa uchache. Mwaka 2024 alidaka mipira 29 tu, lakini kila mmoja ulimpatia wastani wa yadi 21. Mtu wa namna hiyo anafungua uwanja hata asipopigiwa mpira. Wakiwa wawili, yeye na Golden, mpinzani angelazimika kuchagua wa kumwogopa. Akiwa Golden peke yake, mpinzani hakuwa na haja ya kuchagua. Reed naye alionekana Agosti akiwa na buti ya kitabibu mguuni. Melton, yule shujaa wa Desemba 2023, alitumia sehemu kubwa ya kambi akijifunza kucheza beki wa pembeni, jambo ambalo lilieleza kwa ufasaha timu ilimhitaji kiasi gani kama mpokeaji. Ungeondoa jina moja tu kati ya Golden na Reed, ungerudi kwenye wale watatu wa Philadelphia haraka kuliko orodha ilivyoonyesha.

Kulikuwa na waliosema kwamba kama mambo yangekwenda kombo, dirisha la usajili lilikuwa wazi hadi Novemba na mwaka uliofuata kulikuwa na uteuzi mwingine. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kabla ya Agosti 28. Siku hiyo Packers walimchukua Micah Parsons kutoka Dallas, mmoja wa wakimbizaji hatari wa warushaji katika ligi nzima, na wakalipa kwa mchezaji wao Kenny Clark pamoja na machaguo yao ya raundi ya kwanza ya 2026 na 2027. Sina ugomvi na biashara hiyo. Mtu wa kumfikia mrushaji wa mpinzani ni adimu kuliko mpokeaji. Ila ilifunga mlango uleule uliotumika kumpata Golden, na iliufunga mwaka ambao mikataba ya Watson na Doubs yote ilikuwa inafikia ukingoni. Golden na Williams walichaguliwa kwa sehemu kuwa akiba ya 2026. Sasa waliombwa kuwa akiba ya 2025 na ya 2026 kwa pamoja.

Ningepewa kalamu ya alama, basi, ningesema safu hii ilikuwa bora kuliko ya 2024 kwa wale watatu wanaoanza na dhaifu kuliko ilivyodhaniwa kuanzia hapo, hadi Watson arudi. Anayetaka kuihakiki tathmini hii kwa mechi ile ya Septemba 7 asihangaike na nani amepata yadi ngapi. Amtazame beki wa nyuma wa Lions katika jaribio la tatu, yadi saba zikiwa zimebaki, kabla mpira haujachezwa: anaegemea upande wa Golden, au amesimama katikati ametulia? Akiegemea, Doubs na Kraft walikuwa na jioni ndefu ya kazi. Akitulia, Love alikuwa anarusha katika mazingira yaleyale ya Philadelphia, na siku nne tu baadaye, Alhamisi, Washington Commanders walifika Lambeau.